Bi Moza Avuka Msitu

Mume wangu, Yahya, alikwisha kuamua: mama yake, Bi Moza, aiache nyumba yake ya Nyangamara aje kukaa nasi Mitwero. Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa ningesema mafahali wawili hawakai zizi moja, na mama mkwe wangu alikuwa na ulimi mkali kama wangu.

Tulipokwenda kumchukua, Yahya alimwambia, "Mama, miguu imekwisha. Shamba liko ng'ambo ya msitu. Nani atakufikisha?"

"Miguu hii ndiyo iliyokubeba wewe mgongoni," akajibu. "Kesho tuvuke sote. Nikikaa chini kabla ya shamba, nitafunga mizigo. Nikifika, usinitajie tena Mitwero."

Yahya akakubali huku akicheka.

Njia yenyewe ilikuwa tambarare. Binti yetu mdogo, Kazija, aliipita akiokota mbegu. Ulikuwa msitu wa tangu na tangu. Waingereza walikuwa wameuwekea mipaka, lakini njia wakatuachia. Mivule na misandarusi ilizuia jua, chini kukawa na ubaridi kama wa mtungini. Bi Moza alikwenda na fimbo yake, na kila mti mkubwa aliugusa. Nilidhani anausalimu, kumbe anauegemea.

Katikati ya msitu miguu ikamgomea. Akakumbatia shina, akaanza kushuka. Yahya alikuwa mbele na mtoto, hakuona. Angebaki kwake, mimi ningefaidi, lakini si hilo lililonisukuma. Roho iliniuma tu. Nikajitupa chini mimi.

"Nimechoka," nikapaza sauti. "Tupumzike wote."

Bi Moza akanitazama kwa hasira.

"Inuka, Mwahija. Sikukuomba uchoke kwa niaba yangu."

Akaisimika fimbo, akajivuta, akaenda. Hatua, pumzi. Hatua, pumzi. Yahya alirudi kumshika mkono; akausukuma. Tukamfuata hivyo mpaka miti ilipokwisha, jua likatupiga usoni, na muhogo wake ukawa mbele yetu.

Hapo ndipo alipokaa, juu ya tuta, jasho likimchuruzika.

Yahya akachuchumaa mbele yake. Machozi yalimlengalenga.

"Shikamoo, mama," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

"Marahaba. Rudi Mitwero na mwanao. Huyu niachie mpaka tumalize palizi."

Yahya akanigeukia, akingoja nikatae. Nilikwisha kuvua makubazi.