Umeme Ulipokatika Katikati ya Shindano

Kwa miezi minne Kathambi aliandaa shindano la hotuba la chama cha udugu wa wasichana, likifanyika mtandaoni kwa nchi sita. Binti wa Manila alipoanza tu kuzungumza, umeme ukakatika katika mtaa wao mzima wa Observatory. Kathambi akakimbia na kompyuta yake hadi kwa jirani yake Najma, aliyekuwa na sola.

“Najma, wameshatawanyika wote!”

“Unganisha kwanza, dada yangu.”

Skrini ikawaka. Wasichana wote walikuwapo, na mmoja wao, kutoka Brazili, alikuwa ameshika usukani, akimkaribisha mzungumzaji wa tano.

“Pole kwa umeme, Mama,” msichana huyo alimwambia Kathambi kwa Kiingereza. “Tuliona tusisimame.”

Kathambi akajibwaga sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Najma akaenda kupika chai.