Keki Iliyochelewa Luanda Kotieno

Mimi ni mtu wa kulalamika, sitaki kuficha. Miaka thelathini na zaidi nimeuza viatu vya mitumba soko la Kibuye, Kisumu, na asiyejua kulalamika hawezi biashara ile. Utalalamikia mvua, utalalamikia kanjo, wale askari wa jiji, utamlalamikia mteja anayejaribu jozi kumi kisha anaondoka na ndala zake alizokuja nazo. Kwa hiyo asubuhi ile baada ya dhoruba, nilipotoka chumba namba nne na kukuta paa la nyasi la mkahawa limelala kwenye bustani, neno langu la kwanza lilikuwa kwamba chai imechelewa.

Lorine alikuwa anafagia vioo vilivyovunjika. Katika hoteli ile ya kisiwani Lorine ndiye aliyefanya karibu kila kitu: kutandika, kufua, kuleta chakula mezani. Mumewe, Fabian, aliendesha boti ya hoteli. Zaidi yao alikuwepo Oketch, mpishi. Meneja alikuwa Kisumu. Wageni tulikuwa wawili tu, mimi na mke wangu Bilha, tumekuja kusherehekea miaka thelathini ya ndoa.

"Chai inakuja, Mzee," Lorine alisema bila kuinua kichwa. "Stima imepotea, na kuni yote imelowa. Ngoja kidogo."

Neno lile "ngoja" sikulipenda, na kulikuwa na sababu.

Siku iliyotangulia, saa nane mchana, nilikuwa nimemtuma Fabian Luanda Kotieno. Binti yetu Winny alikuwa ameagiza keki Kisumu na kuituma kwa gari mpaka pale bandarini, na Bilha hakupaswa kujua. Fabian aliangalia juu, akakuna shingo, akasema kesho asubuhi ingekuwa poa zaidi. Nikamwambia ndoa yangu inatimiza miaka leo, si kesho. Akacheka, akawasha injini.

Saa kumi akanipigia simu. "Mzee, gari yenye iko na keki bado. Na hii mawingu ya upande ya Homa Bay mimi siipendi. Nirudi tu?"

"Umeshafika huko," nikamwambia. "Ngoja."

"Sawa, Mzee."

Hayo tu. Saa kumi na mbili upepo ulishuka juu yetu kama gunia la viatu linavyotupwa kutoka kwenye lori. Uling'oa mapaa, ukaangusha mlingoti wa simu ng'ambo ya pili, na ukalisukuma gugumaji lote la ghuba likajazana kwenye gati ya hoteli. Kulipokucha, pale palipokuwa na maji palikuwa na shamba la kijani, kutoka gatini hadi mbali karibu mita mia tatu. Boti haingeweza kutoka wala kuingia, na simu zilikuwa hazina mtandao. Fabian alikuwa hajarudi.

Lorine alileta chai ikiwa vuguvugu. Aliweka kikombe mbele yangu, akasimama.

"Mzee, jana Fabian alikupigia?"

"Alinipigia."

"Alisemaje?"

Ningeweza kusema. Bilha alikuwa bado anaoga, hakuna aliyekuwa anatusikiliza isipokuwa korongo mmoja juu ya kuta zilizobaki. Lakini nilimtazama yule mwanamke na ufagio wake, nikaogopa.

"Alisema anakuja," nikamjibu.

"Hakusema ni nini ilimchelewesha?"

"Hakusema."

Akatikisa kichwa taratibu, na hapo akanishangaza, maana alikasirika. "Mimi najua. Huyo amelala kwa ule mwanamke wa chipsi pale Luanda Kotieno. Hata jana asubuhi tumegombana juu yake. Mvua ikinyesha kidogo tu, yeye anapata sababu. Akuje! Leo atanijua."

Nasema ukweli, maana uongo ulishanitosha: nilifarijika. Kama Fabian alikuwa amelala kwa mwanamke wa chipsi, basi alikuwa hai, na mimi sikuwa na kosa. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwombea mtu awe mzinzi. Lorine alichukua ufagio wake, akaendelea kumtukana mumewe hadi jikoni, nami nikanywa ile chai yote.

Bilha nilimweleza habari ya keki. Ya simu sikumweleza. Alikaa kitandani na kitambaa kichwani.

"Baba Winny, keki ya nini na hali hii ya hewa?"

"Ilikuwa ya kukufurahisha."

"Nenda umwambie yule mama kwamba ni wewe uliyemtuma."

"Anajua nilimtuma, ila hajui nilimtuma nini. Fabian akirudi atajieleza mwenyewe."

Siku ya pili jua lilitoka kali, na ziwa likatulia kabisa, linang'aa. Ng'ambo ya lile gugumaji tuliona maboti, kumi au kumi na tano, yametanda kwenye mstari. Watu walisimama ndani na miti mirefu, wanachoma maji, wanasogea kidogo, wanachoma tena. Hakuna aliyetuambia wanachotafuta, na hakuna aliyeuliza.

Nilikasirika kwa sababu sikuwa na la kufanya. Nyuma ya jiko kulikuwa na mtumbwi mdogo wa kuvulia chambo. Nikauburuta hadi majini, mimi ambaye nimeishi Kisumu karibu maisha yangu yote na ziwa nalijua kwa kuliangalia nikila samaki ufukweni Dunga. Nikapiga kasia. Nilienda mita kumi hivi, magugu yakaushika mtumbwi kila upande, nikawa siwezi mbele wala nyuma. Nilisukuma, nikavuta, nikalitukana gugu kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa ule Kijaluo changu cha kupunguza bei. Mwishowe Oketch alinirushia kamba, akanivuta hadi ufukweni kama mbuzi mkaidi.

"Mzee, kaa tu," alisema. "Wale wenye wanajua wanafanya."

Mchana alituletea sukuma wiki na ugali. Nikamuuliza, kisiwa kizima kimezungukwa na maji, samaki yuko wapi? Maboti yote yale nje na hatuoni hata ngege mmoja?

Oketch aliweka sahani chini polepole. "Beach imefungwa, Mzee. Hakuna mtu ataweka nyavu sasa. Watu wanatafuta Fabian kwanza."

Nilidhani ni huruma, jinsi majirani wanavyofunga vibanda nusu siku mmoja wao akifiwa. Sikuuliza zaidi. Hilo ni kosa langu la pili, na sijui lipi ni kubwa.

Lorine hakukaa chini siku hiyo. Alifua mashuka ya vyumba ambavyo havikuwa na mgeni. Alimwekea Fabian chakula, akakifunika kwa sahani nyingine, kisha akakifunua, akakitazama, akamtukana, akakifunika tena. Bilha alimfuata kwenye kamba ya nguo, akamshika mkono, na macho ya mke wangu yakaanza kulengalenga. Lorine akauondoa mkono wake kwa adabu.

"Mama, pole, lakini usilie. Kwetu mtu mwenye hatujaona hatumlilii. Ukimlilia unamwita." Akabana shuka kwa vibanio viwili. "Na huyu wangu ako sawa. Anakula chipsi."

Alipopita karibu yangu aliuliza tena. "Mzee, kweli hakusema ni nini anangoja huko?"

"Hakusema," nikasema kwa mara ya pili. Nilikuwa naona aibu hadi masikioni. Lakini aibu ya siku moja ukiiacha ilale, kesho yake ni nzito zaidi kuinua, na mimi niliiacha ikalala.

Asubuhi ya tatu niliamka na upepo umegeuka. Gugumaji lilikuwa linaondoka lenyewe, vipande vikubwa vikubwa, na maji yalionekana tena kwenye gati. Nikatembea hadi mwisho wa mbao. Kule nje, ule mstari wa maboti haukuwepo. Yalikuwa yametawanyika, mawili huku, matatu kule, na jua lilipowapiga niliona wanaume wakishusha nyavu. Mmoja alikuwa anapiga mluzi, nilimsikia.

Hesabu niliyoifanya ilikuwa ya mtu wa sokoni: vibanda vikifunguliwa, shida imekwisha. Wameacha kutafuta, basi hakuna wa kutafutwa. Fabian amejitokeza Luanda Kotieno na macho mekundu, wamemcheka, wamerudi kazini. Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, na goti hili, nilikimbia hadi kwenye kamba ya nguo nikipunga mikono.

"Lorine! Lorine, toka uone! Wavuvi wameingia ziwani! Nyavu ziko majini!"

Alikuwa na vibanio viwili mdomoni na shuka mikononi. Alinitazama. Kisha akatazama ziwa, akawaona. Vibanio vikaanguka. Nilikuwa bado natabasamu alipopiga ule ukelele, na ulikuwa ukelele wa kwanza tangu dhoruba, mrefu, kutoka chini kabisa, "Uwii yaye, Fabian! Uwii yaye, wuod Seme!", akimwita mwana wa Seme, kwao. Akaanguka juu ya shuka alilolifua, Bilha akaja mbio bila viatu.

Oketch alitoka jikoni na mwiko mkononi, akanishika bega kwa nguvu.

"Nani amekutuma useme hiyo maneno?"

"Nimeona wanavua! Si ni habari njema?"

"Mzee." Akaelekeza mwiko ziwani. "Mtu akipotea kwa maji, hakuna nyavu inashuka mpaka apatikane. Nyavu ikishuka, amepatikana. Na kama angekuwa mzima wangemleta hapa kwanza, na kelele, na nyimbo. Maiti inapelekwa ng'ambo. Halafu wazee wa kwao wanakuja kumwambia bibi yake polepole, wakiwa wamekaa na yeye. Hivyo ndio inafanywa. Si kukimbia ukipunga mikono."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Nilikuwa nimemtuma mume wa mwenyeji wangu akafa, kisha nikamtangazia kifo hicho kwa furaha. Nilitaka kufanya kitu, chochote, kubeba kitu, lakini hata maji ya kumpa Lorine Bilha alikuwa ameshayaleta.

Wazee walifika kabla ya saa sita, kwa boti ya mvuvi. Aliyeongoza aliitwa Ouma, ndugu mkubwa wa baba yake Fabian, mtu mrefu aliyevaa koti juu ya shati lililopigwa pasi, na kulikuwa na wanawake wawili pamoja naye. Walimsikia Lorine tangu gatini, na nikamwona mzee akisimama kidogo, akielewa kwamba kuna mtu amewatangulia. Hakuuliza ni nani. Walikaa naye chini kwenye kile kilichobaki cha mkahawa, wakasali, wakamwambia vile ilivyokuwa: boti ilipatikana imepinduka, na Fabian alipatikana jana jioni kwenye magugu, si mbali na hapa.

Mimi na Bilha tulikaa kando. Baada ya muda Ouma akafuta uso kwa leso.

"Kwa matanga ya Jumamosi lazima mtu asimame aeleze siku yake ya mwisho," alisema. "Watu watauliza. Sisi tunajua alifika Luanda Kotieno saa nane na nusu. Watu wa steji ya magari wanasema alikaa hapo chini ya mabati mpaka saa kumi na moja kupita, ndio akatoka na boti. Alikuwa anangoja, lakini hakuna mtu anajua alikuwa anangoja nini."

Lorine aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Mimi najua alikuwa anangoja nani," alisema kwa uchungu. "Mseme tu, Baba. Watu wote wanajua. Alikufa juu ya huyo mwanamke."

Wale wanawake wawili wakainamisha vichwa. Ouma akapumua, kama mtu aliyeogopa kulisikia hilo. Nikaona jinsi litakavyosemwa Jumamosi mbele ya kanisa zima, mbele ya wazazi wake na watoto wake kama alikuwa nao, maana siku tatu zote hata hilo sikuuliza.

Nilisimama.

"Alikuwa anangoja keki," nikasema. "Keki yangu. Gari lililoibeba lilichelewa. Alinipigia saa kumi akasema haya mawingu hayapendi. Akaniuliza, 'Nirudi tu?' Mimi nikamwambia ngoja."

Bilha alikuwa ameniangalia, kisha akaangalia pembeni.

"Alisemaje?" Lorine akauliza.

"Alisema, 'Nirudi tu?'"

"Rudia."

"Alisema, 'Nirudi tu?'"

"Na huyo mwanamke?"

"Hakumtaja mwanamke yeyote. Alitaka kurudi."

Alifumba macho, na midomo yake ikayafuata maneno yale mawili bila sauti, mara moja, mara ya pili. Nilingoja anitukane. Matusi ningeyajua, ningeyapokea, yangekuwa kitu cha kubeba. Ouma aliniambia kwa upole kwamba itabidi nije matangani niyaseme hayo mwenyewe, nikasema nitakuja. Nikamwambia Lorine nisamehe. Ilitoka ndogo sana.

Alifungua macho akanitazama, na hakuwa na hasira hata kidogo.

"Siku tatu nimemtukana, Mzee," akasema. "Siku tatu. Na wewe ulikuwa hapa, unanisikia."