Jina la Ugbad Ndani ya Simu

Kilichomkera Nakeno hakikuwa ujuzi wa Ugbad wa Kakuma. Ni lile jina. Walianza pamoja kutengeneza programu ya wafugaji, ya kuhifadhi picha na sauti za mifugo ndani ya simu hata pasipo mtandao. Lakini Ugbad ndiye aliyeandika kitambulisho, lile jina la ndani ambalo kwalo simu huitambua programu: ugbad.mifugo. Kila Nakeno alipofungua kompyuta pale kituoni Nawoitorong, jina hilo lilimkodolea macho. Na watu wa Lodwar nao hawakunyamaza: "Ile programu ya binti Msomali ni moto!"

Asubuhi moja akalifuta, akaandika nakeno.mifugo. Picha ya mbele akaiacha ileile, mbuzi mweupe mwenye madoa. Nani angejua?

Mama Atiir, aliyekuwa akiwajaribia programu, akafika kutoka Kataboi na samaki wakavu, simu kaifunga kwenye pindo la shuka.

"Ejok, mwanangu."

"Ejok, mama. Lete simu nikuwekee programu mpya."

Akaweka. Mama akafungua. Tupu.

"Mbuzi wangu wako wapi? Na wimbo wa mzee?"

Marehemu mzee, mume wa mama, alimwimbia fahali wake kwenye programu ile, na wimbo haukuwa kwingine popote. Kwenye kioo cha simu wakaonekana mbuzi wawili, sura moja: programu ya zamani na hii mpya.

"Hii ya zamani ndiyo inayoharibu," akasema, kidole kikielekea kuifuta. Kikasita. Akachukua simu yake mwenyewe, akampigia Ugbad kwa spika, akamweleza.

"Umegusa kitambulisho?" Ugbad akauliza.

"Kidogo tu."

"Kidogo kama sukari ya chai? Wallahi usifute ile ya zamani! Simu haiangalii picha, dada. Jina likibadilika, hiyo ni programu ngeni, haipewi vya mwenzake. Na ukiifuta ya kwanza, vyote vinakwenda nayo."

Tangu utoto Nakeno alijua mbuzi hatambuliwi kwa rangi, bali kwa alama ya ukoo iliyochomwa ngozini. Wivu ulimsahaulisha hata hilo.

Akaifungua ile ya zamani. Sauti ya mzee ikatoka ikikwaruza, ikisifu fahali mwenye pembe zilizopinda. Mama Atiir akaketi mchangani, akajifunika uso kwa shuka.

Nakeno akaifuta programu yenye jina lake. Haikuwa na kitu ndani. Ilitoweka mara moja.

"Mwambie huyo msichana ahsante," mama akasema. "Mungu amzidishie."

"Nimesikia, mama!" Ugbad akaitikia, bado yuko hewani, akacheka kwa furaha.

Nakeno akamkatia simu.