Usiku wa Jumamosi

Masele na Ritha walikuwa wachumba, na kama wachumba wengi walikuwa na ugomvi wao mmoja wasioumaliza. Wao waligombania zamu. Wote wawili walikuwa madaktari watarajali, Masele Geita na Ritha Shinyanga, na kila hospitali ilikuwa na namna yake ya kumnyima mtu usingizi. Kwa kina Ritha, kila siku ya tatu daktari aliingia saa mbili asubuhi na kutoka saa mbili asubuhi ya kesho yake, ingawa hiyo saa ya kutoka ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Kwa kina Masele, daktari alikesha siku saba mfululizo, halafu anarudishiwa mchana wake akiwa hajui tena mchana unatumiwaje.

Basi kila walipopigiana simu, walilinganisha. Ritha alidai kwamba mtu wa usiku angalau anajua saa atakayolala. Masele akajibu kwamba mtu wa saa ishirini na nne angalau analiona jua. Ritha akasema juzi alisinzia amesimama, faili mkononi. Masele akasema yeye alisinzia akitembea, tena akafika alikokuwa anakwenda. Hakuna aliyekubali kushindwa. Na Masele, pamoja na kumpenda yule binti hadi kero, angetoa chochote kumsikia akisema mara moja tu kwamba zamu ya Geita ni nzito kuliko ya Shinyanga.

Ubishi huo haukuwa na madhara. Mwenye madhara alikuwa Mzee Maganga, baba yake Ritha, mfugaji wa Mhunze. Mara ya kwanza Masele alipokwenda kuwasalimu, alitoka zamu ya usiku wa saba akapanda basi moja kwa moja. Alikaribishwa kiti, akakikalia, akalala. Mama Ritha alipomgusa bega ampe maji ya kunawa, kijana alizinduka akamwambia mama mkwe wake mtarajiwa, "Marahaba, mwanangu."

Mzee Maganga alitafakari siku mbili, kisha akatoa uamuzi kwamba kijana ni mlinzi wa usiku. Hakuwa na ubaya wowote na walinzi, alimwambia binti yake, ila mtu aseme kazi yake. Ritha akaapa kwamba ni daktari. Haya, akasema mzee, aje rasmi na mshenga, mchana, watu wote wakiwa macho. Lakini akilala tena kwenye kiti hiki, asirudi, na uchumba huo uishie hapo.

Wachumba wakatumiana picha za ratiba zao, wakakagua miezi mitatu mstari kwa mstari. Alipopumzika huyu, yule alikuwa kazini, na walipopumzika wote ilikuwa Jumanne, siku ya mnada, ambayo mzee hakuwa tayari kuipoteza kwa ajili ya mlinzi. Ikapatikana Jumamosi moja tu. Ritha angetoka zamu asubuhi ile. Masele angeanza wiki yake ya kukesha siku hiyohiyo, lakini jioni, kwani ratiba ilisema wazi: "Masele, kuanzia usiku wa Jumamosi." Angelala Ijumaa nzima, aondoke alfajiri, ajitambulishe, na saa mbili usiku awe wodini. Masele alijiona ana akili nyingi sana.

Tatizo ni kwamba mwezi ule ratiba ilikuwa imepewa mpangaji mpya. Daktari Nasibu alikuwa mtu wa Pangani, mpole na mcha Mungu, na Kiswahili alikijua kwa namna ambayo wenzake waliifurahia bila kuielewa yote. Ijumaa saa tatu kasoro usiku, Masele akiwa amejifunika na shati lake la kesho limening'inia ukutani limepigwa pasi, simu iliita.

"Daktari, mgonjwa wako yuko mlangoni," alisema Nasibu. "Umekwama wapi?"

"Nimelala, kaka. Zamu yangu ni usiku wa Jumamosi."

"Ndio huu."

"Leo Ijumaa."

"Ijumaa imezama na jua," alisema Nasibu kwa upole. "Usiku hutangulia mchana wake. Wa kesho ni usiku wa Jumapili, na huo nao ni wako."

Masele aliitazama dari. Kumbe siku zote hizi alikuwa akifanya kazi na mtu ambaye Jumamosi yake inaanza Ijumaa jioni. Alitaka kubisha, lakini mgonjwa alikuwa mchimbaji aliyeteleza ndani ya duara, shimo la dhahabu, akavunjika mguu, na mguu haungojei watu wakubaliane kalenda. Alimwandikia Ritha kwamba ameitwa, akavaa akaenda, na hakukaa chini hadi asubuhi.

Mjomba wake Onesmo alikuja na gari, akamkuta kwenye geti la hospitali akiwa ameegemea nguzo, ndani ya lile shati lililopigwa pasi. Onesmo ndiye mshenga. Alikuwa na karasha Segese, na baada ya miaka kumi kando ya mashine inayosaga mawe, alizungumza na kila mtu kana kwamba mashine bado inanguruma. Siku hiyo kasoro hiyo ilikuwa baraka. Kila kichwa cha Masele kilipoanguka, mjomba aliuliza habari za Geita, na kichwa kilisimama chenyewe. Kahama ikapita hivyo, Shinyanga ikapita, wakafika Mhunze kijana akiwa macho mekundu lakini wazi.

"Mwangaluka," akamsalimu Mzee Maganga kwa Kisukuma, akimkagua. Masele akaitika vizuri, akampa Mama Ritha shikamoo yake bila kosa, akakaa kwenye kile kiti. Onesmo akaanza kuusifu ukoo wao kwa sauti iliyowatawanya kuku. Mambo yalikwenda vizuri hadi mzee alipoagiza binti aitwe ili aulizwe kama anawafahamu wageni hawa. Scolastika, shangazi yake Ritha, akaingia ndani kumwita, Onesmo akanyamaza kwa heshima, na nyumba ikatulia.

Ule utulivu ndio uliomwangusha. Yaliyofuata Masele alisimuliwa na mjomba wake njiani.

Binti hakuja. Scolastika alirudi akasema kwamba bibi harusi alifika saa tano kutoka zamu, akakaa kitandani afunge kiatu, na kiatu kimoja bado anacho mkononi. Ameitwa mara tatu. Mara ya tatu amejibu kwamba mgonjwa aongezewe dripu. Mzee Maganga akageuka kumwangalia kijana, akamkuta kinywa wazi, kichwa kimelala begani kwa mshenga. Akasimama. Onesmo alisema kwamba hata yeye, kwa mara ya kwanza maishani, aliomba radhi kwa kunong'ona.

Hapo Ritha akatokea mlangoni, ana kiatu kimoja, uso una alama za shuka. Mzee akamuuliza kwa ukali, "Unamfahamu mtu huyu?"

Ritha alimtazama Masele.

"Namfahamu. Ametoka zamu asubuhi hii, na saa mbili usiku anaingia tena. Mwacheni alale, baba."

"Na wewe je? Si nawe umetoka zamu?"

"Mimi narudi keshokutwa," alisema Ritha. "Ya kwake ni nzito kuliko yangu."

Mzee aliwaangalia, mmoja amelala kwenye kiti, mwingine anaanza kulala amesimama. Akaketi taratibu, akasema kwa sauti ndogo kwamba kweli hakuna mlinzi anayechoka hivi. Akaagiza mto uletwe.

Masele alizindukia Kahama, kwenye gari, akiwa mchumba aliyekubaliwa, na mto wa Mama Ritha shingoni. Aliposimuliwa, alimwomba mjomba arudie lile neno la mwisho la Ritha mara nne, kisha akampigia Ritha simu aulize kama ni kweli amekiri.

"Nani?" alisema Ritha. "Mimi nilikuwa nimelala."