Vyumba vya Nkubu

Swali la kwanza Dale aliliuliza akikatakata vitunguu, na hilo peke yake lilimtosha Kendi kushuku. Mwanamume mwenye nia njema huuliza habari za mali akiwa ameketi, anakutazama usoni. Huyu wake alimpa mgongo.

"Kule Kenya bado una kitu kinachokuingizia pesa?"

"Sina," Kendi alijibu, akawasha televisheni.

Alikuwa nacho. Huko Nkubu, karibu na Meru mjini, alikuwa na ploti yenye vyumba vya kupangisha, alivyovijenga kwa mshahara wa unesi kabla hata hajamjua Dale. Kaka yake Muriuki ndiye aliyevisimamia. Kendi alimwacha mama yake mzazi, akaacha na kazi, akamfuata mume Minnesota, Marekani, na vile vyumba ndivyo mahali pekee ambapo hakuna mtu angeweza kumwambia toka. Dale alipokwenda Kenya kumchumbia, Kendi alimzungusha Nairobi tu, akadai barabara ya Meru imeharibika. Barabara yenyewe ilikuwa lami tupu.

Tangu vitunguu vile, Dale hakukoma. Leo akaunti ya benki, kesho shamba la urithi. Eti ni mambo ya ushuru: ukishakuwa mkaazi wa Marekani, serikali hutaka kujua mapato yako popote yalipo. Aliyasema kwa upole, na upole ule ndio uliomnyima Kendi usingizi. Akapeleka kesi kwa Philister, rafiki yake wa kanisani, ambaye aliwahi kuolewa na Mmarekani na wakaachana vibaya.

"My dear, mzungu akianza kuuliza title deed iko kwa jina la nani, wewe anza ku-pack," Philister alisema. "Wangu pia alianza na tax. Kufika court, lawyer wake alikuwa anajua ng'ombe wetu kwa majina."

Basi Kendi akawa askari nyumbani kwake. Dale akienda kupokea simu gereji, yeye huzima mashine ya kufulia asikie vizuri. Kila mara ilikuwa ni mama yake Dale, akilalamikia goti.

Mahojiano ya Kendi ya ukaazi na maofisa wa uhamiaji yakakaribia. Walishauriwa wawasilishe fomu za ushuru wao kwa pamoja, ionekane ndoa ni ya kweli. Dale mwenyewe akapendekeza waende Bloomington kwa Gitonga, Mkenya anayejaza ushuru wa nusu ya kanisa lao, ili mkewe awe huru kuuliza atakalo. Kendi akajiuliza ukarimu huo wote ni wa nini.

Gitonga akawauliza kwa Kiingereza kama kuna mapato yoyote nje ya nchi. Dale akamgeukia mkewe. Kendi akatabasamu, akahamia Kiswahili. Laiti Gitonga angekuwa Mmeru, angemwambia kwa Kimeru kitupu na mambo yangeishia hapo, lakini alikuwa Mkikuyu wa Nyeri.

"Gitonga, niko na rental units huko nyumbani, lakini usizi-declare. Huyu husband hajui. Akijua niko na property, tuki-divorce atataka half."

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya watoto. Gitonga aliinamia kompyuta yake, masikio yamemwiva. Ndipo Kendi alipoyasikiliza upya maneno yake mwenyewe, akayaondoa ya Kiswahili, akaona kilichobaki: rental units, declare, husband, property, divorce, half. Miaka yote hii Wakenya wa hapa mjini wanasengenya kwa Kiswahili, ila mambo ya pesa na mahakama huyasema kwa Kiingereza, na hakuna aliyewahi kulifikiria hilo.

"Divorce," Dale alisema polepole.

Gitonga akakohoa, akaeleza kwamba wakisaini pamoja, uongo ni wao wote wawili, na unaweza kuwafuata hadi kwenye mahojiano. Dale akamshukuru. Akachukua koti lake, akasema leo hasaini kitu.

Ndani ya gari Kendi akaeleza yote: ploti, Muriuki, Philister, hata ile barabara. Aliona aibu, na aliogopa.

"Nilidhani unavitaka vile vyumba," alisema.

"Niliuliza kwa sababu jina langu lingekuwa kwenye fomu pia."

"Basi tuvitaje. Turudi kesho."

Walikuwa wamekaribia nyumbani, Maplewood, Dale alipouliza tena.

"Hivyo vyumba, anakaa nani?"

"Wapangaji."

"Mumeo wa huko hayumo?"

Kendi alicheka. Dale hakucheka, macho yake yalikuwa barabarani. Kicheko kikamkauka Kendi mdomoni. Akatoa simu, akatafuta picha ya Muriuki akiwa amesimama mbele ya vyumba, akamwonyesha waliposimama kwenye taa.

"Huyu ndiye anayevisimamia. Ni kaka yangu, tumbo moja. Mpigie sasa hivi, muulize lolote."

Dale aliitazama ile picha mpaka gari la nyuma likapiga honi.

"Na nitajuaje kwamba ni kaka yako?"