Mwezi wa Fundi Baiskeli

Mimi si mtu wa kuibembeleza hali ya hewa. Kwa miaka thelathini na saba nimeisoma kila siku saa tatu asubuhi, mvua inyeshe jua liwake, na sijaiandika hata mara moja kama nilivyotaka iwe. Ukiona kumi na nane nukta mbili, unaandika kumi na nane nukta mbili. Siku ambayo hukupima unaiacha wazi. Na ukikosea hufuti: unapiga mstari mmoja mwembamba kwa rula, maneno ya chini yaendelee kusomeka, juu yake unaandika yaliyo sahihi, unatia saini. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema mstari ule ni wa atakayekuja baadaye, aone ulidhani nini kabla hujajua. Sheria ndizo hizo tatu. Mengine ni kusimama wima na kutopumulia kioo.

Nyumba ninayokaa ni ya kituo. Vyumba viwili, na nyuma kuna ua wa nyasi wenye kisanduku cheupe cha mbao juu ya miguu minne, vipimajoto vikiwa ndani. Miaka sita iliyopita walileta mashine, wakaisimamisha kwenye mlingoti katikati ya ua, wakaniambia mama sasa pumzika, hii inatuma habari yenyewe. Inatuma kweli. Lakini haisalimii, wala haijui kusema leo umande umezidi. Waliniachia nyumba na kisanduku, nikaendelea kupima kama kawaida, nani wa kunizuia? Mtu akiamka lazima awe na pa kwenda, hata kama ni hatua ishirini na mbili.

Jioni zangu nilikuwa nazo redio na simu. Huko watu walikuwa wakigombana kuhusu joto zaidi kuliko wanavyogombana kuhusu mpira. Huyu anasema dunia inaungua, yule anasema ni hadithi za wenye kompyuta wanaotafuta ulaji, wa tatu anamwambia wa pili nenda kaoge kwanza ndipo uchangie mada. Watu ambao hawajawahi kushika kipimajoto hata cha homa! Nilikuwa nawajibu peke yangu jikoni, kwa sauti, mwiko mkononi, mpaka siku moja nikagundua kwamba tangu Jumatatu sijaongea na mtu mwenye masikio, na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Nikazima redio. Nikaiwasha tena, maana kimya nacho kilikuwa kinanizidi.

Mwanangu ni mmoja tu, na ni msemaji wa diwani. Diwani alitaka miti ya barabara ya soko ikatwe, barabara ipanuliwe. Binti mmoja mtaalamu wa hali ya hewa akaandika kwamba usiku wa mji wetu umepanda joto kwa zaidi ya digrii moja na nusu, na kwamba ile miti ndiyo sitara tuliyobaki nayo. Ushahidi wake, akasema, ni vitabu vya kituo, ambavyo nakala zake nimekuwa nikizituma makao makuu kila mwaka. Yaani vyangu. Kwa hiyo mwanangu alikuwa akilipwa kubishana na mkono wa mama yake, ila hakuna aliyelisema hivyo, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza.

Hatukuwa tumegombana. Ugomvi ungekuwa afadhali, ugomvi una siku ya kusuluhishwa. Yeye alikuwa na shughuli tu. Kila kitabu changu kina safu ya mwisho inayoitwa Maelezo, ya kuandika ukungu, radi, mvua ya mawe. Tangu ahame, humo nimekuwa nikiandika pia siku alizokuja. Si sheria, najua. Mwaka wa kwanza niliandika mara kumi na tisa. Uliofuata, mara sita. Mwaka jana mvua ya mawe ilikuja mara mbili, yeye hakuja.

Basi ile Jumamosi nilipoliona gari lake mlangoni, moyo ulinipiga nikadhani ni presha. Aliingia na shati lililopigwa pasi vizuri, akanikumbatia, akasema nimepungua. Nikamwambia na wewe umenenepa, siasa ina mafuta. Akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka anafumba jicho moja, kama baba yake. Nikaweka chai, nikatoa kikombe chake cha zamani, kile kilichomeguka mkono, ambacho nimekataa kukitupa.

Akaniambia anataka kuviona vitabu. Kuna mjadala Jumatano kwenye ukumbi, utarushwa redioni, na yeye anataka aelewe mambo vizuri. Nikasema, haya, mtoto ameanza kukua. Nikamshushia vyote kutoka kabatini, vumbi likamchafua shati, wala hakulalamika. Akawa anafunua na kupiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, mimi nikiwa nimekaa pembeni namweleza huu ndio mwaka wa ukame, huu ndio mwaka paa la jirani lilipoezuliwa. Nilikuwa na furaha ya kijinga, niseme ukweli. Miaka yote ile nimeandika na hakuna aliyewahi kukaa nami na kufunua.

Akafika kwenye mwezi wenye mwandiko tofauti. Namba kubwa, zimelala kushoto, na saba zimekatwa kiunoni. Akaniuliza huu ni wa nani.

Nikamwambia. Jamani, mtu akikaa na maneno muda mrefu hayatoki kwa kipimo. Nikamwambia wewe ulizaliwa hujatimiza miezi, ukawa mdogo kama mkate, tukakaa hospitali siku ishirini na tisa. Baba yako, fundi baiskeli asiyejua kituo kina kazi gani, akaogopa kwamba kurasa zikibaki wazi nitafukuzwa. Akawa kila saa tatu anaingia uani na mikono yake ya grisi, anasoma, anaandika, halafu anapanda baiskeli kutuletea uji. Sasa, kile kipimajoto cha joto la chini kina kijiti cheusi kinachoelea ndani ya spiriti, na kinasomwa ncha ya mbali, ile iliyo kinyume na tumbo la kipimajoto. Yeye alisoma ncha ya karibu. Kila usiku wa mwezi ule ukaonekana baridi kwa digrii sita zaidi ya ulivyokuwa. Kwa namba zake, mji mzima tungelala na mablanketi matatu.

"Kwa hiyo baba alisoma upande mbaya?" akauliza.

"Mwezi mzima," nikamwambia, nikacheka hadi machozi. "Na aliingia kaburini hajui."

Nikamweleza pia kwamba niliporudi na yeye mgongoni nililiona kosa mara moja. Nilipaswa kuchukua rula. Lakini fundi alikuwa amesimama mlangoni ananitazama nikifunua, amevaa shati safi, anasubiri kusifiwa. Nikamsifu. Nikasema kesho nitapiga mistari. Kesho ikawa miaka, fundi akafa mwanangu akiwa na miaka tisa, na baada ya hapo ni nani angeweza kuupitishia mstari mwandiko ule?

Mwanangu akaupiga picha ukurasa ule mara tatu, mara ya mwisho karibu sana. Nikadhani ni kwa ajili ya baba yake. Simu ikamwita, akaondoka, chai ikabaki nusu. Sikuimwaga mpaka jioni. Kwenye safu ya Maelezo, mbele ya tarehe ya Jumamosi ile, nikaandika: Mwanangu amekuja.

Jumatano mchana nikavaa gauni langu la kitenge, nikaenda ukumbini. Palikuwa pamejaa hadi madirishani, feni zinazunguka bila faida. Mezani alikaa mtangazaji, kulia kwake diwani, kushoto yule binti mtaalamu, mwembamba, na karatasi zake mapajani. Mwanangu alikuwa mstari wa mbele na kompyuta. Nilimpungia mkono, nadhani hakuniona.

Binti akazungumza vizuri ila polepole mno kwa ukumbi ule. Diwani yeye hakuwa na karatasi. Alisema joto ni lile lile la mababu, watu ndio wamekuwa laini. Halafu akasema, hebu tuione hiyo sayansi tunayoambiwa tuinamie. Akamtazama mwanangu, mwanangu akabonyeza, na ukutani ukatokea mwandiko wa mume wangu, mrefu kuliko mlango.

"Huyu aliyepima," diwani akasema, "alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa hajui kichwa cha kipimajoto na mkia. Mama mwenye kazi alijua, akaficha. Hiyo ndiyo sayansi tunayoambiwa tuache barabara kwa sababu yake."

Ukumbi ukacheka. Walicheka vile watu wanavyocheka wakiwa na joto na wamechoka kukaa, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Saba zake pale ukutani zimekatwa kiunoni, watu wanazionyeshea vidole. Nikamtafuta mwanangu kwa macho. Alikuwa anaitazama kompyuta.

Nikasimama. Sikumbuki kuomba ruhusa, nakumbuka kipaza sauti kilinifikia kikiwa na jasho la mwingine.

"Aliyeandika pale ni mume wangu," nikasema. "Alikosea, nami nilijua, nikanyamaza. Kosa ni langu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na rula. Utoeni mwezi huo. Ibaki miezi mingine mia nne na zaidi, hiyo nimeisoma mwenyewe. Isomeni na nyinyi."

Nikarudisha kipaza sauti. Ndipo yule binti akainuka, akanitazama kwa huruma, akasema kwa ile sauti yake ya polepole:

"Mama, mwezi huo haumo. Kompyuta iliukataa siku ya kwanza tulipoingiza vitabu. Hatujawahi kuutumia. Ile digrii moja na nusu inatoka kwenye miezi yako."

Watu wakapiga makofi. Diwani akanywa maji. Mtangazaji akasema hapo sasa mjadala umenoga, na ukweli ni kwamba ulikuwa umekwisha. Wengine walinipiga mgongoni, mama umetuwakilisha. Na mimi nimesimama pale nimeshinda, najihisi nimefiwa upya. Miaka yote nimeuogopa ule mwezi, nimeutunza, nimeubeba kama yai, kumbe kompyuta ilishauchungulia mara moja na kuutupa. Mwanangu naye alikuwa amesikia. Alimwanika baba yake mbele ya mji mzima kwa ajili ya ukurasa ambao hakuna aliyekuwa akiuhesabu. Aliinua kichwa, akanitazama, mara hii ameniona kabisa, kisha akaanza kukusanya nyaya zake.

Nilimsubiri mlangoni. Walitoka kundi kubwa, kisha kundi dogo, kisha mfagiaji akaniuliza kama nimepoteza kitu. Walikuwa wametokea mlango wa nyuma, yeye na diwani wake. Nilipokuwa njiani ujumbe ukaingia kwenye simu: Mama usichukulie moyoni, ni siasa tu. Nikausoma mara mbili. Sikujibu, maana jibu nililokuwa nalo lisingeenea kwenye simu.

Asubuhi saa tatu nikatoka uani. Joto la chini ishirini na moja nukta sita, ncha ya mbali. Mashine ilikuwa imeshatuma ya kwake. Nikaandika, nikarudi ndani, nikashusha kitabu cha ule mwezi, nikachukua rula.

Siku ishirini na tisa, mistari ishirini na tisa. Juu ya kila mmoja nikaandika: haikusomwa sawasawa. Saini yangu ishirini na tisa. Saba zake zilibaki zinaonekana chini ya mistari, zimelala kushoto vilevile. Nikamwambia fundi, kwa sauti, kwamba uji ule ulikuwa mtamu, na kwamba katika yote aliyonifanyia hilo halikuwa kosa. Nililia kidogo. Hakuna wa kumficha.

Kisha nikafungua kitabu cha mwaka huu. Kazi ni kazi, ukikosea unasahihisha, huchagui. Nikatafuta tarehe ya Jumamosi, nikapeleka kidole hadi safu ya Maelezo, nikaweka rula chini ya maneno yangu mwenyewe, nikaisogeza juu kidogo. Nikapiga mstari. Juu yake nikaandika: Msemaji wa diwani amekuja. Nikatia saini.

Mstari wenyewe niliupiga mwembamba, kama sheria inavyotaka. Ya chini bado yanasomeka.