Chapa Nyekundu Kifunikoni

Mimi Imalingat sikupenda mtu yeyote aguse bomba langu la kupulizia rangi. Nasema langu, ingawa mwenyewe hasa alikuwa Mzee Zubairi, mwenye gereji na mabasi mawili pale Tororo. Yeye alilinunua, mimi ndiye niliyelijua. Kila jioni nililiosha kwa petroli, sindano yake, mdomo wake, mpaka mrija wake. Mafundi wenzangu walinitania kwamba mke wangu Amuge analionea wivu. Wacheke tu. Bomba likilala na rangi usiku mmoja, asubuhi limeziba, na hapo hakuna cha kubembeleza.

Tulikuwa wapaka rangi wawili, mimi na Jamilu. Jamilu alikuwa mtu wa Busia, upande wa Kenya, na kila Jumamosi jioni alipanda baiskeli kurudi kwa mkewe na watoto wake wanne. Mwaka sitini na tano alichokonoa mdomo wa bomba la kwanza kwa waya, tundu likapanuka, bomba likawa si la kazi tena. Mzee Zubairi alimsamehe kwa ajili ya wale watoto. Lakini alitoa neno mbele yetu sote: atakayeharibu bomba la pili, siku hiyo hiyo anavua ovaroli na kwenda zake.

Mwaka uliofuata, Jumatatu moja asubuhi, basi lilikuwa tayari limepigwa msasa na vioo vyake vimebandikwa magazeti. Lilitakiwa barabarani kesho yake. Nilijaza rangi ya buluu kwenye kopo la bomba, nikakaza kifuniko, nikabonyeza. Ilitoka vizuri kwa muda mfupi, kisha bomba likaanza kukohoa. Matone mazito yakarukia ubavu wa basi, halafu rangi ikakata kabisa.

"Nani natumia hii Jumamosi?" Mzee Zubairi aliuliza kwa Kiswahili chake cha kubangaiza.

"Jamilu," nikasema. Nakiri kwamba nilisema upesi kuliko ilivyohitajika.

"Niliosha, Mzee," Jamilu akasema. "Wallahi niliosha kila kitu."

"Kama mwaka jana," nikachochea.

Jamilu akalifungua bomba juu ya meza, sote tukiwa tumemsimamia. Akachomoa sindano, ikang'aa. Akauinua mdomo juani, tundu lilikuwa duara na safi. Hata hivyo akalipitishia njiti ya ufagio, safari hii si waya. Akapuliza mrija kwa kinywa chake, hewa ikapita. Akachuja rangi upya kwa kitambaa, akaunganisha kila kitu, akabonyeza. Bomba likapuliza kidogo, likakohoa, likanyamaza.

"Mwaka jana mimi nasema nini?" Mzee Zubairi akanyoosha mkono, kiganja juu. "Mtu naharibu, mtu natoka. Leta hiyo ovaroli, Jamilu."

Jamilu alianza kufungua vifungo, kimoja kimoja. "Sasa nitawaambia nini nyumbani?" akasema, na hakuwa akimwuliza mtu. Mimi nilifurahi. Sitaficha, nilifurahi sana, maana sasa bomba lingekuwa langu peke yangu.

Nikabaki nalo mezani. Nililegeza kifuniko cha kopo nimwage rangi, na kwa bahati kidole kikabonyeza. Rangi ikatoka laini. Nikakaza kifuniko, likakohoa. Nikalegeza, ikatoka tena.

Kila mwenye duka anajua kwamba debe la mafuta hutobolewa mara mbili, tundu la kumiminia na tundu la kuingiza hewa. Kopo la bomba nalo lina tundu la hewa pale kifunikoni, dogo kama la sindano. Hewa isipoingia, rangi haitoki. Nilikipangusa kifuniko. Juu ya tundu lile palikuwa na tone la rangi nyekundu, nene, limekauka.

Tone lile nililijua. Nililiweka kwa mkono wangu Jumapili, nilipopita gereji baada ya kanisa. Kwetu Molo, kijijini karibu na Tororo, baba yangu hakuwa na ng'ombe asiyepigwa chapa; ng'ombe mwenye chapa ana mwenyewe, na hakuna wa kubisha. Nami nilitaka Jamilu akilishika bomba ajue lina mwenyewe.

Hakuna aliyekuwa akinitazama. Nikachukua njiti ile ile ya ufagio, nikatoboa tone, nikageukia basi. Buluu ikalala sawasawa.

"Ah, Imalingat!" Mzee Zubairi akapiga makofi. "Wewe ndiyo fundi!"

Nilipaka mlango mzima.

Jamilu alikuwa amefika langoni na baiskeli yake. Aliposikia bomba linafanya kazi, alirudi. "Bwana Imalingat," akasema bila hasira yoyote, "ilikuwa nini? Niambie, nisije nikarudia kosa hilo huko niendako."

Angenitukana, ningejua la kumjibu. Nilizima hewa, nikafungua kifuniko, nikakiweka mkononi mwake.

"Hilo tone jekundu ni langu," nikasema, kwa sauti ya kumfikia Mzee. "Nililiweka jana, likaziba tundu la hewa. Wewe uliosha vizuri."

Mzee Zubairi alikichukua kifuniko akakitazama, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimemfanyia kazi miaka saba. Nilingoja neno, hata tusi. Alinyoosha tu mkono wake, kiganja juu, nami nikaanza kufungua vifungo.

Jioni nilikuwa bado nje ya ua, nimeshindwa kwenda nyumbani kwa Amuge. Basi lilikuwa limekwisha, linapendeza, na bomba halikukohoa hata mara moja. Jamilu alikaa kwenye kigoda akiliosha kwa petroli, sindano, mdomo, mrija. Mwisho akachukua kifuniko, akakiinua kwenye jua, akafumba jicho moja na kuchungulia kwenye tundu. Katika miaka yangu yote saba, mimi sikuwahi kutazama kifuniko hivyo.